Presha ya Matairi, Joto na Karavani: Mwongozo kwa Anayekokota Kwenye Barabara za Uganda

Tairi la karavani huuawa na joto, na mara nyingi joto hilo huletwa na upepo mdogo, si upepo mwingi. Madereva wengi huamini kinyume chake. Wanaona geji, yaani kipimo cha presha, imepanda jua linapokuwa kali, wanaogopa tairi litapasuka, wanafungua valvu na kutoa upepo kando ya barabara, kisha wanaendelea na safari wakiwa wameliweka tairi katika hali mbaya kuliko ile waliyoikuta. Mwongozo huu unaeleza kwa nini presha hupanda, jinsi ya kuipima ili kipimo kiwe na maana, na hatua za kuchukua unapotoka kwenye baridi ya Kigezi, milimani kusini-magharibi mwa nchi, kuelekea kwenye joto la bonde la Naili, au unaporudi.

Nimewakusudia wote wanaokokota, iwe ni karavani ya kulala watalii wanaoelekea Murchison Falls, kliniki tembezi inayopelekwa vijijini, ofisi ya mradi wa barabara, au kibanda cha chakula chenye magurudumu. Shida yao ni moja. Tairi la gari la mbele likiishiwa upepo, dereva hulisikia kwenye usukani mapema. Tairi la karavani linaweza kwenda kilomita nyingi likiwa limelegea, likijipika lenyewe, na dereva asijue lolote hadi atakapoona vipande vya mpira vikiruka kwenye kioo cha pembeni. Isitoshe, matairi ya karavani hubeba uzito ulio karibu na mwisho wa uwezo wao tangu safari inapoanza hadi inapokwisha, tofauti na gari dogo ambalo siku nyingi huenda na mtu mmoja au wawili.

Kinachotokea ndani ya tairi

Hewa iliyofungiwa ndani ya tairi haina pa kwenda, kwa hiyo ikipata joto presha yake hupanda, na ikipoa presha hushuka. Katika mwinuko wa Kampala, ambao ni takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kila nyuzi 10 za Selsiasi hubadilisha presha kwa karibu psi 1.6 (psi ni kizio cha presha) kwenye tairi la gari dogo lililojazwa psi 35, kwa zaidi kidogo ya psi 2 kwenye tairi la psi 50, na kwa zaidi ya psi 2.5 kwenye tairi la psi 65. Ndiyo maana ile kanuni inayosikika kwa mafundi, ya psi moja kwa kila nyuzi tano au sita, huwa pungufu kidogo kwa karavani: matairi yenye presha kubwa hupanda na kushuka kwa kiasi kikubwa zaidi.

Joto lenyewe lina vyanzo viwili. Cha kwanza kiko nje, yaani hewa ya mahali, lami iliyochomwa na jua, na jua linalopiga ubavu wa tairi moja kwa moja. Cha pili kiko ndani ya mpira, na hiki ndicho kikubwa. Kila gurudumu linapozunguka, sehemu ya tairi inayogusa ardhi hubonyea na ubavu wake hujikunja, kisha hunyooka tena inapoinuka, na sehemu ya nguvu iliyotumika kuukunja mpira hubaki humo kama joto. Tairi lenye upepo wa kutosha hujikunja kidogo. Tairi lenye upepo mdogo, au lililozidishiwa mzigo, au linalokimbizwa kupita kasi yake, hujikunja sana, na joto hilo hulegeza gundi inayoshikilia tabaka za nyuzi na waya, mpaka ngozi ya juu inabanduka au ubavu unapasuka.

Presha inayopanda safarini si ugonjwa. Watengenezaji wanajua kwamba itapanda, na kiwango wanachokiandika kinahusu tairi baridi kwa sababu kupanda huko kumeshahesabiwa ndani yake. Anayelielewa jambo hili moja ameshaepuka nusu ya hatari.

Hatua ya kwanza: tafuta kiwango sahihi cha tairi baridi

Kwa gari linalokokota, angalia kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva au ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Mara nyingi kuna viwango viwili, kimoja cha mzigo mdogo na kingine cha mzigo kamili. Unapokokota, matairi ya nyuma ya gari yanahitaji kile cha mzigo kamili hata kama ndani ya gari hamna kitu, kwa kuwa ulimi wa karavani, yaani sehemu yake ya mbele inayoungwa na gari, unalikandamiza gari kwa nyuma.

Kwa karavani, tafuta bamba la chuma lililobandikwa karibu na mlango au kwenye fremu ya mbele. Kisha soma ubavu wa tairi lenyewe. Hapo pana namba ya uwezo wa kubeba: 100 ina maana ya kilo 800 kwa tairi moja, 104 ni kilo 900, na 108 ni kilo 1,000. Baada ya namba hiyo huja herufi ya kasi, ambapo L ni kilomita 120 kwa saa na Q ni 160. Pengine utaona pia presha ya juu kabisa inayoruhusiwa, na hii nayo ni ya tairi baridi. Usiivuke wakati wa kujaza asubuhi. Safarini geji itaivuka yenyewe kwa ajili ya joto, na hilo si kosa.

Mzigo halisi ndio unaoamua, kwa hiyo usiukisie. Ukiweza, ipitishe karavani iliyopakiwa kwenye mizani ya malori, hata ya kiwanda au ghala kwa maelewano, na upime kila upande peke yake kama nafasi inaruhusu. Lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo tangi la lita 100 lililo upande mmoja, pamoja na jokofu na betri upande huohuo, linaweza kuulemea upande mmoja wakati jumla ya karavani iko sawa kwenye karatasi. Jaza matairi yote ya ekseli moja (mhimili mmoja wa magurudumu) kwa kiwango kinachofaa upande ule mzito, na ubaki chini ya uwezo wa tairi kwa asilimia 10 hadi 15.

Hatua ya pili: nunua geji yako mwenyewe

Geji za vituo vya mafuta hutofautiana, kwa kuwa zimeangushwa chini mara nyingi na kukanyagwa. Nunua yako, itunze, na uitumie hiyohiyo kila siku, kwa maana hata ikikosea kidogo itakosea vilevile kila mara na utaweza kulinganisha. Hakikisha inafika psi 80 au zaidi, kwani geji nyingi ndogo za magari ya kawaida huishia chini ya hapo. Kama namba zake ni za bar, kumbuka kwamba bar 1 ni psi 14.5.

Hatua ya tatu: pima alfajiri

Tairi huhesabiwa kuwa baridi likiwa limesimama kwa saa tatu au zaidi, au likiwa halijatembea zaidi ya kilomita moja na nusu hivi kwa mwendo wa polepole. Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, ambako jua huchomoza kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja asubuhi mwaka mzima, saa kumi na mbili ndiyo saa bora ya kazi hii. Ukichelewa hadi saa tatu, matairi ya upande wa mashariki yatakuwa yameshapigwa na jua na yatasoma psi mbili au tatu zaidi ya yale ya upande wa pili, nawe unaweza kudhani kwamba upande mmoja unavuja kumbe mwingine umeota jua tu.

Toa kifuniko cha valvu na ukiweke mfukoni ili kisipotee mchangani. Bonyeza geji kwa mkono mmoja ulionyooka, bila kuipinda, hadi ile sauti ya kuzomea ikatike kabisa. Ikiendelea kuzomea, kipimo ulichopata ni cha uongo. Pima mara mbili. Ukimaliza, paka mate au maji ya sabuni kwenye ncha ya valvu uangalie kwa utulivu: kipovu kikivimba polepole, sindano ya valvu imelegea au ina uchafu, na kuibadilisha ni kazi ya dakika chache kwa fundi yeyote wa matairi. Andika namba za matairi yote kwenye daftari pamoja na mahali na hali ya hewa. Daftari hilo ndilo litakalokuonyesha tairi linalopungua kidogo kidogo huku mengine yakibaki palepale.

Hatua ya nne: simama mapema, ulinganishe

Baada ya saa moja hivi ya mwendo wa kawaida, matairi huwa yamefikia joto lake la safari. Aliyetoka Kampala kuelekea kaskazini anaweza kusimama Luwero, kwenye wauza mananasi. Aliyeshika njia ya Masaka ana Kayabwe, pale penye alama ya ikweta. Zunguka karavani kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Gusa kila tairi kwa mgongo wa kiganja, kisha sogeza mkono karibu na habu, yaani kitovu cha gurudumu, bila kuigusa, maana breki inayong'ang'ania au beringi inayokufa inaweza kukuunguza. Habu moja ikiwa na joto kali kuliko nyingine, ugonjwa uko kwenye breki au beringi, na joto hilo litahamia kwenye rimu na tairi.

Sasa pima presha. Chukua mfano wa tairi lililojazwa psi 50 Kampala alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 18. Hewa iliyo ndani yake ikifika nyuzi 50 safarini, geji itaonyesha karibu psi 57. Kupanda kwa asilimia 10 hadi 15 namna hii ni kwa kawaida. Kukizidi hapo, tairi linajikunja kupita kiasi, na sababu ni moja kati ya hizi: lilikuwa na upepo mdogo asubuhi, mzigo umezidi, mwendo umezidi, au breki inashika. Kukiwa kudogo sana huku barabara ni ya lami na jua ni kali, huenda tairi limejazwa kupita mahitaji ya mzigo wake, na karavani itarukaruka na kula meno ya katikati.

Kinachosema kweli zaidi kuliko namba yoyote ni tofauti kati ya matairi ya ekseli moja. Kama la kushoto limepanda psi 7 na la kulia psi 12, usiondoke kabla hujajua sababu.

Usipime mara baada ya mvua kubwa, hasa miezi ya Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Maji yanayotiririka barabarani hupoza matairi haraka, na namba utakayopata haihusiani na joto ambalo tairi lilikuwa nalo robo saa iliyopita.

Usitoe upepo kwenye tairi la moto

Hapa ndipo pa kusimamia kwa nguvu zote, kwa kuwa shinikizo litatoka kwa watu wenye nia njema. Kwenye kituo cha mafuta mhudumu atabonyeza tairi kwa kidole gumba na kusema, "Bosi, hili limejaa sana, nikupunguzie?" Mjibu kwa upole: "Acha, kijana, hilo ni joto la safari." Ukikubali na kulirudisha tairi lile la psi 57 kwenye psi 50 likiwa bado moto, kesho alfajiri litakuwa na psi 44 tu. Limepoteza karibu sehemu moja ya nane ya presha yake, litajikunja zaidi, litapata joto zaidi, geji itapanda tena saa sita mchana, na asiyejua atatoa upepo kwa mara ya pili.

Kuongeza upepo kwenye tairi la moto, kwa upande mwingine, wakati mwingine hakuepukiki. Ukikuta tairi moja limepungua safarini, lijaze hadi lilingane na mwenzake wa ekseli ileile katika joto hilohilo. Mwenzake akisoma 57, nalo lipe 57, wala si 50 ya kwenye kibandiko, kisha pima yote tena kesho asubuhi yakiwa baridi. Lakini kama limeshuka kwa asilimia 20 au zaidi chini ya kiwango chake cha baridi na limetembea hivyo, mafundi wa matairi ya malori huliita tairi lililokwenda bila upepo, nao wana haki. Lisijazwe likiwa bado kwenye gari. Livuliwe, likaguliwe ndani na nje ubavuni, na likiwa na mikunjo, vumbi la mpira kwa ndani au sehemu laini, litupwe. Ubavu uliokatika nyuzi unaweza kupasuka wakati wa kujazwa na kumuumiza aliyechuchumaa mbele yake.

Kutoka mlimani hadi bondeni

Uganda ina jambo ambalo miongozo iliyoandikiwa nchi tambarare hailitaji. Geji haipimi presha yote iliyo ndani ya tairi; hupima kiasi kinachozidi hewa ya nje, na hewa ya nje huwa nyepesi kadiri unavyopanda. Kabale, mji wa Kigezi, iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, Pakwach, kwenye bonde la Naili, zaidi kidogo ya mita 600, na tofauti ya hewa ya nje kati ya miji hiyo miwili ni karibu psi 2.

Tuseme umejaza psi 50 Kabale alfajiri, hewa ikiwa nyuzi 12, na siku iliyofuata karavani imeegeshwa kivulini Pakwach kwenye nyuzi 32. Joto peke yake lingeongeza zaidi ya psi 4, lakini hewa nzito ya bondeni inapunguza 2, hivyo geji itasoma takriban 52. Vitu hivi viwili hupingana na kusahihishana kiasi, na mteremko huo hauhitaji utoe chochote. Kurudi ndiko kunakohitaji uangalifu. Aliyejaza psi 50 Pakwach mchana kwenye nyuzi 34, akapanda Kigezi na kulala huko, ataamka na psi 47 au pungufu, bila tundu lolote. Kwa hiyo anayepanda kutoka bondeni apime tena asubuhi ya kwanza milimani na kuongeza kilichopungua, kabla ya kuingia kwenye kona na miteremko ya huko akiwa na karavani nyuma.

Barabara za murramu

Kuna hali moja tu ambapo kupunguza upepo ni halali, nayo ni pale unapoacha lami kwa makusudi na kupunguza mwendo pia. Kuelekea hifadhi ya Kidepo, au kwenye njia za ndani ya hifadhi, kupunguza asilimia 10 hadi 15 kutoka kiwango cha baridi huyapa matairi ulaini juu ya mawe na matuta, ilimradi mwendo usizidi kilomita 40 au 50 kwa saa na karavani isiwe imefika mwisho wa uwezo wa matairi yake. Ikiwa imefika, acha upepo kama ulivyo na punguza mwendo tu. Anayepunguza lazima awe na kompresa yake mwenyewe, na ajaze tena pale lami inapoanza, si kwenye mji unaofuata.

Kuhusu nitrojeni, ambayo baadhi ya maduka huiuza kama dawa ya mabadiliko haya: hewa ya kawaida ni nitrojeni kwa asilimia 78 tayari, na gesi zote mbili hupanda kwa joto karibu sawasawa. Faida yake ni ukavu na kuvuja polepole. Ukipewa bure, chukua. Lakini geji ya alfajiri haiachwi kwa ajili yake.

Karavani inapokaa, na tairi la akiba

Tairi zima, lisilo na tundu, hupoteza psi moja au mbili kwa mwezi. Karavani iliyoegeshwa tangu likizo ya Desemba isitolewe mwezi wa Agosti kwa kutazamwa tu kwa macho. Yafunike matairi dhidi ya jua, yasogeze kidogo kila baada ya wiki kadhaa ili yasikalie sehemu moja, na usome tarehe yaliyotengenezwa: namba nne za mwisho kwenye ubavu, ambapo 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Matairi ya karavani huzeeka kabla meno hayajaisha, na baada ya miaka mitano hadi saba ni busara kuyabadilisha hata yakionekana mazuri. Tahadhari hiyo inahitajika maradufu kwa anayenunua matairi yaliyokwisha kutumika.

Tairi la akiba nalo lipimwe kila unapopima mengine, na lijazwe hadi kiwango cha juu kabisa ambacho safari yako inahitaji, kwa kuwa kupunguza njiani ni rahisi kuliko kuongeza. Kabla ya kuondoka nyumbani hakikisha kwamba jeki yako inaweza kuinua karavani iliyopakiwa, na si gari tu, na kwamba spana inaingia kwenye nati za karavani, ambazo mara nyingi huwa za saizi tofauti na za gari. Ukishabadilisha tairi, simama baada ya kilomita 50 hivi ukaze nati tena, na asubuhi inayofuata lipime tairi hilo kabla jua halijalifikia.